Neno la Minza

Siku yangu ya kwanza kazini niliandika ubaoni maneno kumi ya Kiingereza, na kabla sijaweka chaki mezani wanafunzi themanini walikuwa wameshayanakili. Ilikuwa Mbebe, huko Ileje, wakati ule tukihesabiwa bado Mkoa wa Mbeya. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka darasani, watoto wamevaa masweta ya kila rangi, na mimi binti wa Kinyiha kutoka Mbozi, nimetoka chuoni juzi tu, najiona nimefika. Nikawaambia, someni. Wakasoma wote kwa pamoja, kwa sauti iliyotikisa mabati.

Daftari la maneno nilikabidhiwa na mkuu wa shule, mwalimu wa Hisabati aliyependa mambo yaliyonyooka. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kuandaa azimio la kazi, yaani mpango wa muhula mzima, na andalio la somo, ambalo ni mpango wa kipindi kimoja. Mkuu aliyatazama makaratasi yangu kwa huruma.

"Mwalimu, hapa Kiingereza tunakwenda na orodha," alisema. "Maneno kumi kwa siku, jaribio Ijumaa, anayekosa anafagia."

"Yalichaguliwa na nani, mkuu?"

"Nimeyakuta. Na wewe umeyakuta."

Basi nikaenda na orodha. Nataka vijana mnaosoma haya muelewe kwamba watoto wale walikuwa hodari kupita kiasi. Walitembea mwendo mrefu kutoka milimani, wengine hawajala, na bado Ijumaa walikumwagia maneno hamsini na maana zake bila kukwama. Ilifika mahali nikawa nawaogopa. Mtoto wa Kindali ambaye Kiswahili chenyewe alikianza darasa la kwanza, anakaa mbele yako na kukutajia "drought", ukame, "ancestor", mhenga, "nevertheless", hata hivyo, kila neno na maana yake.

Mwezi wa tatu nikafanya jambo ambalo halikuwa kwenye daftari. Nje ya dirisha kulikuwa na mzee anahangaika na maksai wawili waliokataa kuvuka mfereji. Nikamsimamisha msichana aliyekuwa akiongoza kila jaribio, nikamwambia kwa Kiingereza, niambie unachokiona pale nje. Akamtazama yule mzee. Akanitazama mimi. Darasa zima likageuka dirishani. Mwishowe yule binti akasema kwa Kiswahili, kwa adabu zote, "Madam, hayo hayamo kwenye orodha."

Nilirudi nyumbani nikalia. Kumbe muda wote ule nilikuwa nawajaza watoto maneno kama gunia, na wao kwa heshima walikuwa wamekubali kuwa gunia. Niliendelea na orodha miaka mingine mitano, maana sikujua njia nyingine na mkuu alikuwa anapenda matokeo ya Ijumaa.

Kituo changu cha pili kilikuwa Mlowo, barabara kuu, magari na wanunuzi wa mazao mchana kutwa. Huko nilikutana na mwalimu wa taaluma, yule anayesimamia masomo yote shuleni, mtu wa makamo mwenye shamba la kahawa na maneno machache. Alinikuta ofisini nasahihisha rundo la majaribio, nimekunja uso.

"Una watoto wangapi, Madam?"

"Mia na kumi."

"Na kila mmoja unampa maneno kumi kwa siku. Wewe una watoto wako nyumbani. Unaweza kulea kumi kwa siku moja?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mpe kila mmoja neno moja tu, alilee mwaka mzima," akasema, akaenda zake kupiga kengele.

Nililala na jambo hilo wiki nzima. Jumatatu nikakata vipande vya karatasi, nikaandika neno moja kwenye kila kimoja, nikaviweka kwenye kopo la kahawa, na kila mwanafunzi akachovya mkono akatoa lake. Nikawaeleza masharti. Neno ulilopata ni lako mpaka mwaka uishe. Utatafuta maana yake yote, kinyume chake na ukoo wake, maana maneno yana ukoo: ukipata "decide", kuamua, utakutana na "decision", uamuzi, na "undecided", ambaye hajaamua, hao ni ndugu. Kila siku nitaita safu moja ya madawati. Sitaita majina yenu, nitaita maneno. Nikiita neno lako, unasimama na kutoa sentensi mpya ambayo hujawahi kuisema. Ukirudia ya zamani, wenzako watakukamata.

Sikutegemea kilichotokea. Kijana aliyepata "repair", kutengeneza kilichoharibika, alishinda kwenye gereji za barabarani siku za Jumamosi ili apate sentensi. Msichana mwenye "harvest", mavuno, alinisahihisha mbele ya darasa kuhusu kahawa, na alikuwa sahihi. Kufikia mwezi wa sita kila mtoto alijua maneno yote mia na kumi, kwa sababu kila neno lilikuwa na sura ya mtu. Hawakulikumbuka neno, walimkumbuka mwenzao. Na nje ya darasa walianza kuitana hivyo hivyo. Utasikia barabarani, "Oya, Repair, nisubiri," na mwenyewe anageuka. Mimi niliona ni utani wa watoto. Nilifurahi, nikaandika kwenye ripoti yangu kwamba msamiati umeongezeka, na nikahamishiwa Tunduma na mbinu yangu, kichwa kikiwa kimevimba kidogo.

Tunduma ndipo nilipofundishia mpaka nikastaafu. Mkuu wa shule alikuwa mama mmoja mkali, mnyoofu, aliyejua kila mwanafunzi anaishi wapi. Alinipokea kwa maneno haya: "Madam, watoto wangu wanajua Kiingereza cha mpakani. Wanaongea na madereva wa Zambia, wanachanganya na Kibemba, mambo yanakwenda. Lakini kwenye mtihani hawana cha kuandika. Fanya unachojua." Nikatoa kopo langu.

Minza nilimkuta kidato cha tatu. Wazazi wake walikuwa Wasukuma wafugaji waliohamia bonde la Momba, na yeye alipanga chumba karibu na shule pamoja na Tusekile, binti wa Kindali kutoka Ileje, ambaye pia alikaa naye dawati moja. Minza alikuwa mrefu, mpole, mwenye kucheka akiwa amefunika mdomo. Kwenye kopo alitoa neno "enough", yaani ya kutosha. Alisikitika kidogo, nikamwona, kwa sababu wenzake walikuwa wamepata maneno marefu ya fahari. Lakini alilitunza neno lile kuliko nilivyowahi kuona. Walipoingia kidato cha nne nikawapa nafasi ya kubadilisha. Darasa zima likakataa, kila mtu akabaki na lake.

Mwaka huo wa kidato cha nne, mvua zikiwa zimekolea, baba yake alikuja na pikipiki akamchukua. Mama yake alikuwa ameanguka akavunjika mguu, na familia ilikuwa inahamisha mifugo mbele zaidi bondeni. Minza aliaga kwamba anakwenda wiki mbili. Zikapita wiki tano. Simu ya baba haikupatikana, au ilipatikana ikaita bila kujibiwa. Mkuu wa shule akaniita.

"Madam, wewe ndiye mwalimu wake wa darasa. Majina ya watahiniwa yanafungwa mwisho wa mwezi. Bila yeye mwenyewe kuja kupiga picha na kuweka saini, siwezi kumsajili. Na akikaa hivi hivi siku za utoro zitatimia, nitalazimika kumfuta shuleni."

"Nimejaribu kupiga, mkuu."

"Najua umejaribu. Nakuambia ujue tulipofika."

Nilimpenda mtoto yule, lakini mwalimu wa darasa la watoto wengi anajifunza kufunga roho. Wiki hiyo hiyo tulipokea msichana aliyehamia kutoka Vwawa. Alikaa nafasi ya Minza, karibu na Tusekile, na kwa kuwa hakuwa na neno, nikafanya lililoonekana la kawaida. Nikamwambia, wewe utachukua "enough".

Darasa zima likainua vichwa. Walinitazama kama watu waliotoka kuambiwa habari mbaya. Tusekile akaficha uso mezani, na nikaona mabega yake yanatikisika. Yule mgeni, ambaye ni Mnamwanga, akaniomba kwa sauti ndogo, "Madam, samahani, naomba nisilichukue."

"Kwa nini?"

Monita wa darasa, kijana mkimya ambaye hakuwahi kunisumbua, akasimama.

"Madam, tunaomba utuambie. Minza amekufa lini?"

"Amekufa? Nani kasema amekufa?"

"Wewe, Madam. Umerithisha jina lake."

Ndugu zangu, mimi ni Mnyiha wa kuzaliwa. Nilivishwa jina la shangazi yake baba nikiwa mtoto, baada ya matanga, wazee wamekaa, unga na maji vimeletwa, na tangu siku hiyo watu wazima wakaniita shangazi. Najua kabisa kwamba jina la mtu halipewi mwingine mpaka mwenyewe awe amezikwa. Ukilitoa akiwa hai, umemzika. Watoto hawa, Wanyiha, Wanamwanga, Wandali, hawakukaa kikao kuamua. Walikuwa wameitana kwa maneno yale kwa mwaka na zaidi, nayo yakawa majina, na sheria za majina zikaja zenyewe. Mimi peke yangu, niliyeyagawa, ndiye sikuona.

Niliomba radhi. Nikasema Minza yuko hai kwa kadiri ninavyojua, yuko bondeni na wazazi wake, na neno lake ni lake. Yule mgeni nikampa neno jipya. Nikadhani yameisha.

Kesho yake niliita safu ya Tusekile. Nilipofika penye "enough" nikaliruka. Monita akanyoosha mkono. "Madam, umeruka mtu." Nikaliita. Tusekile akasimama na kusema, kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Our desk is long enough for three." Dawati letu linatosha watatu. Akakaa. Siku iliyofuata, safu nyingine, mtu mwingine akasimama kwa neno hilo bila kuitwa. Walikuwa wamepangana zamu. Kila siku mmoja alimwitikia Minza kwa sentensi mpya, na hakuna aliyerudia ya mwenzake. Nilisimama ubaoni nimeshika chaki. Miaka yote niliyofundisha nilikuwa nikiwabembeleza watoto watunge sentensi, nao walitunga kwa ajili ya alama. Hizi hazikuwa na alama. Walikuwa wanamsemesha mtu.

Siku ya nne Tusekile na monita walikuja ofisini.

"Madam, tunaomba ututumie sentensi zetu kwenye simu ya baba yake Minza," Tusekile akasema. "Moja kwa siku. Meseji inaweza kuingia hata kama simu haipokelewi."

"Baba yake hasomi Kiingereza."

"Ndiyo, Madam. Minza anasoma."

Nilimwendea mkuu wa shule kumwambia, nikitegemea atanikemea kwa kufanya mambo ya kitoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Tuma," akasema. "Mimi barua nimeandika mbili, hazijajibiwa."

Nikatuma kila siku baada ya kipindi. "The rain is enough, be careful at the river," mvua imetosha, uwe mwangalifu mtoni. "Is your mother well enough to stand?" Mama amepata nafuu ya kuweza kusimama? "I am not clever enough to do Biology alone," sina akili za kutosha kufanya Biolojia peke yangu, hiyo ilitoka kwa kijana ambaye sikujua kama alikuwa akimnakili. Na mmoja, mtani wa darasa, naye Msukuma, akatoa hii: "Cows are enough. Come." Ng'ombe wametosha, njoo. Nilisita kuituma hiyo, nikaituma.

Hakuna jibu lililokuja. Siku za mwezi zikawa zinakwisha, na kila asubuhi mkuu wa shule alinitazama bila kuuliza, nami nilitikisa kichwa. Watoto hawakuuliza pia. Waliendelea na zamu.

Zilikuwa zimebaki siku mbili majina yafungwe. Nilikuwa darasani nilipoitwa ofisini. Nikakuta mzee mmoja mrefu amekaa, fimbo amelaza miguuni, buti zimejaa tope, na Minza amesimama nyuma yake amekonda, sare imefuliwa lakini haikupigwa pasi.

"Shikamoo, Madam," Minza akasema, akafunika mdomo.

Mzee hakungoja salamu ziishe. "Wewe ndiye mwenye namba hii?" Akanionyesha simu.

"Ndiyo, mzee."

"Nani aliandika kwamba ng'ombe wametosha?"

Mkuu wa shule akainamia makaratasi yake. Nikasema ni mwanafunzi, ni utani, tunaomba radhi.

"Ng'ombe hawatoshi," akasema. "Mwambieni huyo mtoto. Na kama ni Msukuma mwambieni mara mbili."

Kisha akatueleza, taratibu, kwa Kiswahili chake cha bondeni. Meseji ya kwanza ilipoingia alidhani ni mahakama au mtendaji wa kata, maana nani mwingine angemwandikia Kiingereza. Akamwita Minza aisome mbele ya baba zake wadogo. Binti akasoma, akacheka, kisha akalia, na alipotafsiri hakuna aliyeamini kwamba ni hayo tu yaliyoandikwa. Kesho ikaja nyingine. Keshokutwa nyingine. Jioni wakitoka kuwafunga ng'ombe, wale wanaume walianza kuuliza leo wamesema nini. Iliyomuuliza mama yake kama anaweza kusimama, mama mwenyewe aliomba isomwe tena.

"Mimi nilijua mtoto yuko shule," mzee akasema. "Sikujua anachofanya huko. Sasa namwona anasoma maneno ya watu walio mbali, anatuambia. Nikamuuliza, hawa ni wangapi? Akasema kila siku ni mwingine. Mwalimu, kwetu ng'ombe mmoja akipotea tunatoka wote kumtafuta. Nilidhani shule ikimkosa mtoto inaweka mwingine pale pale, kazi inaendelea."

Nilitaka kumwambia kwamba ndivyo nilivyofanya. Mkuu wa shule, ambaye alijua, alinitazama kidogo kisha akamgeukia mzee. "Umefanya vizuri kuja, baba," akasema, na akavuta fomu ya usajili.

Minza alipiga picha siku hiyo, akasaini. Nilimpeleka darasani mwenyewe. Sikuwaambia chochote, nilianza kipindi kama kawaida na nikaita safu yao. Nilipofika kwenye "enough" palitokea mkanganyiko kidogo, kwa sababu kijana aliyekuwa na zamu alikuwa ameshasimama kwa mazoea. Akamtazama Minza, akaketi. Minza akasimama. Akasema, kwa Kiingereza, kwamba alikuwa na sentensi nyingi za kutosha lakini zote walikuwa wameshazisema wao. Kisha akakaa, na Tusekile akamsogelea pale kwenye dawati. Yule mgeni wa Vwawa naye akasogea, wakatosha.

Mtihani aliufanya na akafaulu. Hakuongoza, wala sitawadanganya kwamba aliongoza. Alikwenda kusomea uuguzi.

Mimi nimestaafu. Nimerudi Mbozi kwenye kahawa za baba, naamka saa kumi na mbili bila kengele, na bado napigiwa simu na walimu vijana wakiniomba mbinu ya kukuza msamiati. Nawaeleza habari ya kopo, safu na masharti, nao wanaandika. Nawaambia pia kwamba mimi niliyeibeba mbinu hiyo shule hadi shule sikuielewa mpaka watoto waliponifundisha. Mtu hajifunzi maneno ili awe nayo. Anajifunza kwa sababu yuko mtu ambaye yeye anataka kumwambia kitu. Miaka ile ya Mbebe wale watoto walikuwa na maelfu ya maneno na hakuna aliyewahi kuwauliza wanataka kumwambia nani. Hilo linaniuma hata leo, na wengine wao sasa ni watu wazima wenye wajukuu.

Baba yake Minza hakufuta namba yangu. Huwa haandiki. Lakini Januari hii, nikiwa shambani napalilia, simu ilitetemeka mfukoni, na ilikuwa meseji ya Kiswahili, herufi zote kubwa, bila nukta wala koma. Ilisema wameshusha ng'ombe tena, mbali zaidi, na mdogo wake Minza, Holo, amemwacha Tunduma kidato cha kwanza. Nilianza kuandika kumjibu kwamba mimi sifundishi tena, awaone walimu walioko. Kabla sijamaliza ikaingia ya pili, fupi.

"MPENI NENO."

Nikaifuta niliyokuwa naandika, nikapiga simu shuleni.